Pakiti ya Kijani ya Meza Namba Saba

RAM ile ilikuwa ikishindwa asubuhi na kushinda mchana, na Kan Su-yueh hakuwa mtu wa kuamini kitu kinachobadilika tabia kwa kufuata saa. Binadamu ndiye hubadilika akiona hatazamwi. RAM haijui kama inatazamwa au la.

Alikuwa amezipima kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kilekile cha ghorofa ya nne, kule Xizhi, pembeni mwa Taipei, ambako mvua hainyeshi bali imehamia. Kampuni ilitengeneza bodi za kompyuta za mezani, zile bodi kubwa ambazo kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Kabla bodi mpya haijaingia sokoni, chumba cha majaribio kilichomeka juu yake RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, za kila mtengenezaji, moja baada ya nyingine, kuona ipi inapatana nayo na kwa kasi gani. Iliyopatana iliandikwa kwenye orodha. Mnunuzi yeyote mwenye akili, awe Taipei awe wapi, husoma orodha hiyo kwanza ndipo atoe pesa. Na nakala ya orodha inayobaki kabatini ilikuwa na muhuri mdogo mwekundu wa aliyethibitisha. Muhuri ulikuwa wa Su-yueh. Aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi, kama wengine wanavyovaa hirizi.

Mwaka uliopita muhuri huo ulimtia aibu. Alipitisha RAM moja kwa kasi ambayo kumbe haikuiweza, na mashine za watu zikaanza kuzimika katikati ya kazi. Bodi zilirudishwa kwa makasha. Meneja Yu alimwita akafunga mlango. "Dada Su-yueh," alimwambia, "hii nimekukingia kifua. Ya pili sitaweza. Ya pili utashuka stoo." Stoo ilikuwa chini kabisa, haina dirisha, kazi yake kuhesabu makasha. Su-yueh alibakiza miaka minne astaafu, na hakukusudia kuimaliza huko.

Kwa hiyo msimshangae kwamba wiki ile alikuwa akimtilia shaka kila aliyepumua karibu na meza namba saba.

RAM yenyewe ilikuwa vijiti viwili vyembamba vyenye kofia nyeusi, na mtengenezaji wake alidai vinakimbia kwa kasi ya elfu nane. Elfu nane ni mwendo wa kuogopesha. Vikikosea herufi moja tu katika saa nne za majaribio, vimeshindwa. Kanuni ilitaka watu wawili wapime kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine mchana, juu ya bodi ileile na meza ileile. Asubuhi alipima Su-yueh. Mchana alipima Pan Ko-wei.

Jumatatu vilishindwa asubuhi na mchana pia. Hapo hapakuwa na la kusema; ukishindwa umeshindwa. Lakini Chiu, mchuuzi wa mtengenezaji, alipanda juu na tabasamu lake pana na chai ya maziwa ya kila mtu, akambembeleza Meneja Yu warudie, maana maonyesho makubwa yalikuwa yanakuja na bila orodha hana uso wa kwenda nao huko. Meneja akakubali. Jumanne asubuhi Su-yueh akapima: dakika ya arobaini, makosa. Jumanne mchana Pan akapima: saa nne nzima, safi. Jumatano asubuhi makosa. Jumatano mchana safi.

Machale yalimcheza Su-yueh.

Huyu Pan alikuwa na miaka thelathini na moja, kijana mrefu, mkimya siku hizi, ila hakuingia akiwa mkimya. Wiki yake ya kwanza, miaka miwili nyuma, aliinua mkono kikaoni akauliza zile pakiti ni za nini. Juu ya kila meza ya majaribio palikuwa na kirafu, na juu ya kila kirafu pakiti ya kijani ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi, haijafunguliwa. Iliwekwa ili mashine itulie, isilete ukorofi. Lazima iwe ya kijani. Ya manjano huleta balaa, na nyekundu mtu wa akili timamu haitii hata mlangoni. Lazima pia isiwe imepita tarehe, maana hapo ni kama umempa mgeni chakula kilichochacha halafu umwombe msaada. Huandikwa kwa kalamu nene jina la mashine na ombi lenyewe. Mtunza pakiti wa chumba kile alikuwa Su-yueh, na hakuna aliyemteua, alijiteua mwenyewe.

"Kwa hiyo," Pan aliuliza, "tunapima sekunde iliyokatwa vipande bilioni, halafu tunasali kwa bisi?"

Chumba kizima kilicheka. Meneja alicheka. Su-yueh hakucheka, na tangu siku ile damu yake na ya Pan hazikupatana. Alimjibu salamu kwa sababu alilelewa vizuri, si kwa sababu nyingine.

Sasa, Jumanne hiyo ya jaribio safi la kwanza, kama saa tano asubuhi, Su-yueh alikuwa amesimama dirishani akingoja maji yachemke. Chini, kwenye maegesho ya pikipiki, alimwona Pan. Alimwona na Chiu pia. Chiu alimpa mfuko mweupe wa plastiki, umefura lakini mwepesi, unapeperuka na upepo. Pan alitazama kushoto, akatazama kulia, akautia ndani ya koti la mvua.

Vijiti vya RAM ni vyepesi. Havizidi biskuti.

Kabla ya mfuko, makosa. Baada ya mfuko, safi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea Su-yueh, na maji yakachemka hadi yakajizima yenyewe.

Jumatano alfajiri alifika wa kwanza. Meza namba saba ilikuwa kama Pan alivyoiacha, bodi imelala wazi juu ya fremu yake, na ile pakiti ya kijani haikuwa kwenye kirafu. Ilikuwa imesimamishwa chini, kando ya vijiti vya RAM, imeegemea chuma cha kupozea. Su-yueh alisonya. Shangazi A-man, mfagiaji, na vitambaa vyake vya kupangusia: anashusha vitu na harudishi. Akaichukua akairudisha mahali pake bila kuitazama, kama mtu anavyorudisha kiatu kilichohama mlangoni. Kisha akatoa chupa ya rangi ya kucha, akatia tone dogo kama punje ya ufuta ubavuni mwa kila kijiti. Pan akivibadilisha atajulikana.

Asubuhi makosa. Mchana Pan akapima, safi. Jioni, Pan alipokwenda chooni, Su-yueh alivichomoa vijiti akavitazama chini ya taa. Matone yalikuwepo, yote mawili, mekundu.

Ni aibu kulisema, lakini alisikitika. Mtu mzima, mwenye ngozi ya shingo imelegea, anasikitika kwamba mwenzake si mwizi.

Hakukata tamaa. Kama hakubadilisha vijiti, basi anapunguza kasi. Anaweka elfu saba, vijiti vinatembea badala ya kukimbia, havikosei, halafu kwenye karatasi ya vipimo anaandika elfu nane. Su-yueh alikaa na zile karatasi mbili, yake ya asubuhi na ya Pan ya mchana, akazipitia mstari kwa mstari na rula. Kasi: sawa. Umeme: sawa. Mpangilio wote: sawa sawasawa, hadi inatia kichefuchefu. Kisha akafika safu ya joto. Asubuhi, kwake, vijiti vilipanda hadi nyuzi hamsini na nane. Mchana, kwa Pan, havikuvuka arobaini na mbili.

"Nimekupata," alinong'ona.

Kwa sababu RAM inayokimbia huchemka na RAM inayotembea hupoa. Hilo hata mwanafunzi analijua. Mjanja alighushi kasi akasahau kughushi joto. Su-yueh alikunja zile karatasi akaziweka kwenye mkoba, na usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Alhamisi ilimpa kilichobaki. Asubuhi tena aliikuta pakiti chini, akairudisha juu, akamlaani Shangazi A-man moyoni, akapima, makosa. Saa sita walikula wali wao wa sanduku na paja la kuku, na saa sita na robo, kama kila siku, taa zilizimwa. Watu walilaza vichwa juu ya mikono mezani, wengine na mito yao midogo, na chumba kikabaki na mvumo wa viyoyozi tu na koromo la fundi mmoja wa meza ya pili. Su-yueh naye alilaza kichwa. Ila jicho moja aliliacha kazini.

Pan aliinuka. Alikuwa amevua viatu. Alikwenda na soksi hadi meza namba saba, akainama, mgongo ukaziba kila kitu. Viwiko vyake vilicheza. Kitu kilichakarika, kidogo tu, kama karatasi ya nailoni. Alikaa hivyo kama dakika nzima, kichwa kimeinama, akafanya kitu ambacho Su-yueh hakukielewa: aliunganisha viganja vyake kifuani, haraka, akaviachanisha. Kisha akabonyeza kitufe cha kuanzisha jaribio, akarudi kwenye kiti chake, akalala.

Su-yueh alihisi moyo unamgonga kwenye meza. Taa zilipowashwa alipita karibu na meza namba saba akijifanya anaelekea kwenye maji. Kasi kwenye kioo: elfu nane. Pakiti imesimama tena pale chini kando ya RAM. Hakuigusa, maana meza inayopima haiguswi, hiyo ni sheria yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanatafuta waya, kifaa, kitu cha kigeni. Pakiti haikuwa ngeni. Chumba kizima kilijaa pakiti za kijani. Ni nani bado anaziona?

Ijumaa saa mbili asubuhi, kikaoni, mbele ya watu tisa, alisimama akasema yote. Alisema mfuko wa Chiu. Alisema matone ya rangi ya kucha. Alizitandaza karatasi za joto. Alisema soksi. Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

Meneja Yu alivua miwani. "Pan. Umegusa kasi?"

"Sijagusa, Meneja. Wala kasi wala umeme."

"Jana wenzako wamelala, ulikuwa unafanya nini pale?"

Masikio ya Pan yaligeuka rangi. Alimtazama Su-yueh, si kwa chuki. Kwa namna ya mtu anayetaka kusaidiwa. Yeye akaliepuka lile jicho.

"Kitu changu binafsi," Pan alisema.

"Kwenye meza ya majaribio? Kitu binafsi?"

"Hakina uhusiano na kazi, Meneja."

"Na Chiu alikupa nini?"

"Kitu kidogo. Kila duka wanacho."

"Basi kitaje."

Pan alivuta pumzi ya kusema. Fundi wa meza ya pili alikohoa. "Kitaje bwana, yaishe," alisema fundi, "tusije tukadhani alikununulia chupi." Wawili watatu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomfunga Pan mdomo moja kwa moja. Alitikisa kichwa.

Meneja alirudisha miwani. "Nenda ghorofa ya pili, ofisi ya wafanyakazi," alisema. "Andika mwenyewe kwamba unaacha kazi. Ukiandika wewe ni afadhali kuliko nikiandika mimi."

Pan alisimama, akainamisha kichwa kidogo kwa kila mtu, na kwa Su-yueh pia, akatoka.

Kilichobaki kilikuwa kufunga jalada. Su-yueh aliamua kupima mara ya mwisho, peke yake, kwa mikono isiyo na doa, kisha aandike kwamba RAM imeshindwa na apige muhuri. Aliikuta pakiti chini, akairudisha kirafuni, akawasha. Dakika ya thelathini na nane makosa yakaanza kumiminika kwenye kioo. Nyuzi hamsini na saba. Safi kabisa. Yaani mbovu kabisa, kama alivyosema tangu mwanzo. Aliketi mbele ya yale makosa ameridhika, na ndipo Shangazi A-man aliposukuma ndoo yake mlangoni.

"Shangazi," Su-yueh alimwita. "Nina ombi. Ukipangusa hapa usinishushie pakiti. Wiki nzima nairudisha juu mimi."

Shangazi A-man alisimamisha fagio. "Pakiti ipi tena?"

"Hii ya kijani."

"Mimi niguse mambo yenu yale? Mwanangu, huu ni mwezi wa saba, mizimu imefunguliwa mlango, halafu mimi nikachokoze pakiti za mashine? Tangu niajiriwe hapa, meza hizo napangusa miguu yake tu. Waulize."

"Nani basi anaishusha?"

"Huyo mrefu wenu. Namwona mchana mkilala. Anaishusha, anaipanga vizuri, anaiombea. Nikasema afadhali, kijana amepata adabu."

Akaenda zake na ndoo.

Su-yueh aliinua mkono hadi kirafuni, akaishika pakiti, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akaigeuza. Mwandiko haukuwa wake. Wake ulikuwa wa mviringo. Huu ulikuwa wa pembe pembe, umeandikwa na mtu asiyezoea kalamu nene. Ulisema: *Meza namba saba, tulia. Muhuri ni wa Dada Su-yueh. Usimwangushe.* Chini yake tarehe ya Jumanne. Na pembeni, ile tarehe ya kiwandani: bado hadi mwezi Machi.

Nailoni ilichakarika kidoleni, sauti ileile ya jana.

Aliifungua droo ya Pan, ambayo hakuwa na haki ya kuifungua. Ndani, chini ya kitambaa, palikuwa na pakiti nyingine ya kijani, kuukuu, yenye mwandiko wa mviringo. *Meza namba saba, kaa kwa utulivu.* Muda wake ulikwisha Jumapili. Jumapili, na Jumatatu vijiti vikashindwa. Yeye, mtunza pakiti, ambaye angemkemea mtu kwa kuchelewa siku moja, alikuwa amesahau. Mwingine akaona, akanyamaza, akabadilisha kimya kimya asije akamwaibisha.

Alirudi meza namba saba. Jaribio lilikuwa bado linaendelea, makosa yanaongezeka. Sheria yake ilisema meza inayopima haiguswi. Aliivunja. Aliisimamisha pakiti pale alipokuwa akiikuta kila asubuhi, kando ya vijiti, imeegemea chuma cha kupozea, akatazama kioo.

Hamsini na saba. Hamsini na tatu. Arobaini na nane.

Alinyoosha kiganja hewani juu ya bodi. Baridi ilikuwa inashuka kutoka kwenye tundu la kiyoyozi darini, inaigonga ile pakiti iliyofura, inageuka, inamwagika yote juu ya RAM. Bila pakiti, baridi ilipita juu kwa juu ikaenda kupoza ukuta. Arobaini na mbili. Makosa yaliacha kuongezeka.

Kwa hiyo hapakuwa na uchawi wala wizi. Palikuwa na upepo. Pan alipima kwa kasi ya kweli, elfu nane kamili, na RAM ilikuwa inaweza, mradi ipate feni ya bisi. Naye Su-yueh ndiye aliyekuwa akiiondoa feni kila asubuhi kwa mikono yake, kwa usafi wake, halafu anamtafuta mchawi.

Alikaa kitini. Akawaza, na mawazo yake hayakuwa mazuri, na mimi sitamtakasa. Aliwaza kwamba mnunuzi hana pakiti ndani ya kompyuta yake. RAM kwa kasi ile imeshindwa vyovyote vile. Orodha atakayoipigia muhuri ni ya kweli. Akinyamaza, hakuna mashine ya mtu itakayozimika, hakuna bodi itakayorudi. Akisema, itabidi aseme na mengine: kwamba kitu kilisimama juu ya meza ya majaribio siku tatu, kikaharibu vipimo, na mwangalizi wa meza alikigusa kila siku asikione. Hilo lilikuwa kosa, lilikuwa la pili, na la pili lilikuwa na anwani yake: chini, hapana dirisha. Kimya chake kingemuumiza mtu mmoja tu, na huyo alikuwa ameshainamisha kichwa akatoka.

Aliichukua pakiti akaenda kwa Meneja Yu.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akiigeuza pakiti mikononi. Aliusoma mwandiko mara mbili.

"Kwa hiyo RAM imeshindwa," alisema.

"Imeshindwa."

"Basi orodha iko sawa."

"Orodha iko sawa, Meneja. Ni mtu ndiye tumemkosea. Nimemkosea."

"Ameshasaini." Meneja alishusha sauti. "Dada Su-yueh, nisikilize vizuri. Hili ukiniambia kwa mdomo, nimelisikia, limekwisha. Ukiliandika, linaingia jaladani na wakubwa wanasoma. Mwaka jana nilikwambia, na wewe unakumbuka. Si mimi ninayetaka ushuke."

"Najua si wewe."

Alivuta karatasi mezani pake, akaandika akiwa amesimama. Aliandika joto, upepo, pakiti, tarehe ya Jumapili, mkono wa nani uliishusha kwa nia gani, na mkono wa nani uliirudisha bila kutazama. Kisha akautoa muhuri ndani ya blauzi, akaugandamiza kwenye wino mwekundu, akaubonyeza chini ya jina lake. Meneja Yu alitazama ile alama ikikauka. Akafungua faili, akatoa barua ya Pan, akaichana vipande vinne.

"Mwite," alisema. "Kama hajaondoka."

Alikuwa hajaondoka, lakini alikuwa ameshavaa koti la mvua na kofia ngumu, anasukuma pikipiki kinyumenyume. Mvua ilikuwa ya kawaida ya Xizhi. Su-yueh hakuwa na mwavuli.

"Meneja anakuita," alisema. "Barua yako imechanwa. Nimeandika yote."

Pan alisimama. Aliiona pakiti mkononi mwake, imelowa, na masikio yakageuka rangi tena.

"Umeisoma."

"Nimeisoma. Kwa nini hukusema?"

"Niseme mbele ya wale?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi niliyewachekesha na bisi? Hata kununua pale dukani kwetu niliona haya, nikamtuma Chiu. Jumatatu nilipoiona tarehe imepita, nilijiambia ni upuuzi. Halafu nikakumbuka mambo ya stoo, watu walivyokuwa wanasema. Nikajiambia, itagharimu nini. Nikaiweka karibu nayo isikie vizuri."

"Ilikuwa inakinga upepo wa kiyoyozi."

Pan alilifikiria. Alikuwa fundi, alielewa mara moja, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu anayependa kazi yake. Kisha ukafunga.

"Dada, nikuulize. Kama ningesimama pale nikasema, ni pakiti tu, nilikuwa nakuombea wewe. Ungeniamini?"

Angeweza kusema ndiyo. Mvua ilikuwa kubwa, mtu husema ndiyo ili mambo yaishe.

"Nisingekuamini," Su-yueh alisema. "Ningesema na huo ni ujanja."

Pan aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kilicho chake. Alitegesha pikipiki, akavua kofia.

"Nitapanda juu," alisema. "Lakini sijakusamehe."

"Sikuombi unisamehe. Nimekuja kukuita tu." Alimnyooshea pakiti. "Hii ni yako. Meza namba saba utaipima wewe sasa, asubuhi na mchana. Mimi Jumatatu nashuka."

Pan hakuuliza kushuka wapi. Aliitazama pakiti, akaifuta maji kwa kiganja, upande wa mwandiko. Kisha akamrudishia.

"Bado hadi Machi," Pan alisema. "Nenda nayo stoo."